Mwalimu Kicheko Afundisha Huzuni

Insha zilikusanywa Ijumaa, na Jumatatu asubuhi Mwalimu Kicheko alikuwa akizisahihisha kwenye ofisi ya walimu huku akijifuta machozi. Msidhani ni machozi ya huruma. Mada ilikuwa "Siku Niliyohuzunika", na darasa zima la nne, bila kuambiana, lilikuwa limehuzunika kwa namna moja tu. Mbuzi wetu alikufa, nilihuzunika sana. Bibi yangu alikufa, nilihuzunika sana. Penseli yangu ilipotea, nilihuzunika sana. Mmoja wao habari zilimwishia ukurasa haujafika nusu, naye alikuwa ameambiwa aujaze, basi akaandika "sana sana sana" mpaka chini kabisa, na mstari wa mwisho akaukunja pembeni ili "sana" zilizobaki zipate pa kukaa.

"Jamani sikieni," aliwaambia wenzake akiipunga ile karatasi. "Kwa mtoto huyu, bibi na penseli ni msiba mmoja. Wanaweza hata kuzikwa pamoja!"

Akaangua kicheko. Kicheko chake kilianzia chini, kama mtu anayesukuma kabati zito sakafuni, kikapanda, kikapanda tena, kikamalizikia kwenye mlio mwembamba ambao uliwahi kumwamsha mlinzi wa getini. Wanafunzi wa zamani ndio waliompa jina hilo. Wazazi wakalirithi. Mwisho hata Mwalimu Mkuu, mtu mkavu anayefunga mkanda juu ya kitovu, alijikuta akiliandika kwenye ratiba.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alizisoma insha tatu akiwa amesimama, akaziweka mezani.

"Mtihani wa pamoja ni muhula ujao. Msahihishaji akikutana na 'nilihuzunika sana' za darasa zima, atatukata alama mpaka tukome. Wafundishe maneno ya huzuni, Mwalimu. Lugha yetu si maskini."

"Nani? Mimi?"

"Si wewe mwalimu wa Kiswahili?"

"Mkuu, kunituma mimi nikafundishe huzuni ni kumwita kinyozi aje kushona viatu."

Wenzake walicheka, naye akacheka kuliko wote. Lakini kengele ilipolia akabaki ameketi, kalamu nyekundu mkononi, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mwanamke huyu alikuwa hajui kuhuzunika. Mama yake alikuwa fundi cherehani, aliyelea mabinti wawili kwenye chumba kimoja kilichojaa nguo za watu: juu ya kitanda, juu ya viti, nyingine zikining'inia mlangoni kama wageni waliochelewa kuondoka. Sheria ya nyumba ilikuwa moja. "Anayetaka kulia akalie nje. Sitaki machozi kwenye vitambaa vya watu." Binti mkubwa alikuwa akitoka, anakaa kizingitini, analia mpaka anatosheka, anarudi ndani mwepesi. Mdogo alikuwa mvivu wa kutoka. Alibaki ndani, akajifunza kucheka.

Tangu hapo alicheka kila kitu. Siku ya kumzika mama yao, mmoja wa wabebaji aliteleza ukingoni mwa kaburi, kiatu chake kimoja kikatangulia chini kabla ya marehemu, na yeye binti wa marehemu akacheka mbele ya umati mzima mpaka shangazi zake wakamfinya mbavu. Mumewe alipomhama, alibeba godoro akaacha kitanda. Kesho yake aliwasimulia walimu: "Mwanamume mwenye huruma angechukua kitanda akaniachia godoro!" Walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Hakuna aliyemuuliza usiku ule alilala wapi.

Jioni ile alifungua kamusi. Huzuni, kamusi ilisema, ni majonzi. Akafungua majonzi. Majonzi, kamusi ilisema, ni huzuni. Akajaribu simanzi: huzuni na majonzi. Jitimai: simanzi. Kamusi ilikuwa ikizunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Akaifunga, akaenda jikoni kwa dada yake.

Dada mkubwa alihamia kwake baada ya kufiwa na mume, na mtaa mzima ulimwita Bi Kwikwi. Yule mtoto wa kizingitini hakuwahi kuacha. Alilia misibani, alilia harusini, alilia matangazo ya vifo vya watu asiowajua redioni. Safari moja alililia tangazo la sabuni, kwa sababu mtoto aliyekuwa akiogeshwa alimkumbusha mtoto mwingine wa tangazo jingine. Wafiwa wenye jamaa wachache walikuwa wakimjia mapema kumwomba asikose. Wakati huo alikuwa akimenya vitunguu, macho makavu kabisa.

"Dada, majonzi na simanzi vina tofauti gani?"

"Nitajuaje? Mimi sikusomea."

"Lakini unalia kila siku."

"Na wewe unakula kila siku. Unaweza kunieleza tumbo linavyofanya kazi?" Bi Kwikwi aliweka kisu chini. "Kueleza siwezi, mdogo wangu. Ila nikiambiwa nionyeshe, nitaonyesha."

Mwalimu Kicheko alimtazama, na hapo ndipo wazo baya lilipomjia, likamfurahisha kama mawazo mabaya yanavyofurahisha.

Alhamisi, kipindi cha tatu, Bi Kwikwi aliingia darasa la nne akiwa amevaa gauni lake la misiba, leso mbili kiunoni. Watoto walisimama wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo bibi!" akaitikia marahaba kwa sauti ambayo tayari ilikuwa na unyevu. Akakalia kiti mbele ya ubao.

"Huyu ni dada yangu," Mwalimu Kicheko aliwaambia. "Leo atahuzunika, na ninyi mtaniambia mnachokiona. Ni marufuku kusema 'amehuzunika sana'. Atakayesema 'sana' atafagia darasa."

Bi Kwikwi aliweka kiwiko juu ya goti, akalaza shavu kwenye kiganja, akatazama sakafu.

"Ameshika shavu," alisema mmoja.

"Anaumwa jino," alisema mwingine. Huyo alikuwa mvulana wa dawati la nyuma, waliyemwita Babu kwa sababu alizungumza kama mzee aliyestaafu.

"Si jino. Mtu akikaa hivyo kwa mawazo, tunasema ameshika tama. Endelea, dada."

Macho ya Bi Kwikwi yakajaa, yakang'aa, lakini hayakumwagika. Darasa likangoja. "Yanataka kutoka lakini hayatoki," alinong'ona binti mmoja wa mbele. Mwalimu akaandika ubaoni: machozi yanamlengalenga. Kisha uso ukasawijika. Kisha midomo ikaanza kumtetemeka. Mpaka hapo somo lilikwenda vizuri, na lingemalizika vizuri, kama Bi Kwikwi angekuwa mtu wa kuishia njiani. Lakini alikuwa amemkumbuka marehemu mumewe, hasa alivyokuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia, ili asimshtue. Kwikwi ya kwanza ikamtoka, ikafuatwa na ya pili, mara mama wa watu akawa analia kwa kite, akimwita marehemu amrudishie hata kikohozi.

Binti wa mbele akaanza. Jirani yake akamfuata. Kilio kikaruka kutoka dawati hadi dawati kama moto kwenye nyasi kavu. Babu, ambaye alikuwa ameapa kwamba ni jino, alilala kifudifudi juu ya dawati akimlilia mbwa wake. Darasa la tatu, waliotenganishwa nao kwa ukuta wa mbao, waliposikia kilio nao wakaanza, wasijue wanamlilia nani.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwalimu Mkuu alisimama hapo akihema, sanduku la huduma ya kwanza kwapani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mkuu," alisema Mwalimu Kicheko. "Tuko kwenye msamiati."

Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na macho makavu mle ndani, na alijitahidi mno asicheke, mpaka akalazimika kuuma mpini wa kifutio. Mwalimu Mkuu alimtoa Bi Kwikwi nje, akamkalisha kivulini na kikombe cha maji, akaenda kuwatuliza darasa la tatu, ambao walidai wapewe sababu.

Kilichofuata ndicho ambacho Mwalimu Kicheko hakuwa amekipanga. Watoto walipopenga kamasi, aliwauliza kila mmoja alikuwa akilia nini. Walimwambia. Walikuwa na mambo, watoto wale! Na kila mmoja alikuwa na lake, halifanani na la mwenzake, ingawa wiki iliyopita wote walikuwa wamehuzunika sana.

"Mbwa wangu walimpeleka kwa mjomba," alisema Babu. "Hajafa. Anakula vizuri. Ila nikirudi nyumbani hakuna anayenijia mbio."

Mwalimu Kicheko alitafakari. "Nyumba imebaki vilevile, lakini kwako ni kama imehamwa?"

"Ndiyo."

"Hilo ni ukiwa."

Babu alilirudia neno polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Ukiwa," alisema. "Linanikaa."

Basi wakaanza kujaribiana maneno kama viatu dukani. Mmoja baba yake alimwahidi kumpeleka kuona ndege zikiruka, kila Jumamosi akasema wiki ijayo, mpaka mtoto akaacha kuvaa: huyo alipewa kukata tamaa. Mwingine rafiki yake alihamia dawati jingine akapata rafiki mpya. Alijaribu upweke, ukambana, akajaribu kinyongo, akasema hiki ndicho hasa, tena hakibani. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa hataki kucheza wala kula wala kulala, asijue kwa nini. Akapewa unyong'onyevu, na kwa kuwa neno lilikuwa refu kuliko ya wenzake wote alitembea nalo siku nzima kwa majivuno, unyong'onyevu wenyewe ukampungua.

Shida ni kwamba maneno hayaachwi shuleni kama chaki. Yalikwenda nyumbani. Wiki haikuisha, mama mmoja akaambiwa na mwanawe mezani kwamba hana kichwa kinachouma, ana msononeko. Bibi mmoja aliyekuwa akinuna kwa sababu hakupewa kiti cha mbele harusini aliulizwa na mjukuu kama hicho ni kinyongo au ni kijicho. Na Jumanne, saa ya mapumziko, mtu mnene mwenye aproni yenye damu alivuka uwanja wa shule, watoto wakimpisha kama maji yanavyopisha mtumbwi.

Alikuwa ni Bwana Bucha, mwuza nyama wa kona, baba wa yule binti wa mbele. Mtaa mzima ulimwogopa. Alikuwa akinguruma kwa mteja aliyeuliza bei, na kwa asiyeuliza alinguruma pia.

"Karibu, baba," alisema Mwalimu Kicheko kwenye mlango wa darasa.

"Sikuja kukaribishwa. Umemfundisha nini mtoto wangu?"

"Amefanya nini?"

"Jana duka limejaa. Nampigia kelele mteja, kama kawaida, mtu ananichagulia mfupa. Huyu mtoto anapanda juu ya ndoo, anawaambia watu wote: 'Msimjali baba. Hana hasira. Ana kihoro, hasira ameifunikia tu.' Watu wakaanza kunipa pole, Mwalimu! Mama mmoja akanishika mkono. Mkono wenye kisu!"

Kicheko kilikuwa tayari kimeshaanza kusukuma kabati. Alikuwa na mzaha ulimini, mzaha mzuri kabisa kuhusu kisu na pole. Lakini alitazama mikono ya yule bwana. Alikuwa akiikunja na kuikunjua aproni yake kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mwalimu Kicheko akaumeza mzaha.

"Je, alikosea neno?" aliuliza.

Bwana Bucha alitazama uwanja, ambako watoto walikuwa wakifukuzana.

"Kihoro ni kitu gani hasa?"

"Ni ile huzuni inayomwingia mtu aliyeondokewa, ikamkaa mwilini kama ugonjwa."

"Mdogo wangu tulikuwa tukiuza naye. Yeye upande huu wa meza, mimi upande ule. Mwaka jana." Akaikunja aproni tena. "Asubuhi bado nanoa visu viwili. Nikimaliza cha pili ndipo nakumbuka."

"Pole, baba."

"Nimeshapoa," alijibu kwa mazoea, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Sijapoa. Si ndiyo maana nimekuja hapa na aproni?" Alivuta pumzi. "Mwambie mtoto asiseme mambo yangu mbele ya wateja."

"Nitamwambia."

"Nyumbani, aseme."

Aliondoka, akafika katikati ya uwanja, akarudi. "Na mama yake, ambaye siku hizi anakaa dirishani anaangalia barabara hata sufuria inaungua, hiyo nayo ina neno?"

"Kamuulize mwenyewe. Yeye ndiye anayejua linapombana."

Bwana Bucha alimtazama kama mtu aliyeambiwa aingie kwenye tundu la simba, akaenda zake. Mwalimu Kicheko alirudi darasani akijisifu moyoni. Alidhani kazi ameimaliza.

Siku iliyofuata walikuwa wakidurusu. Yule binti wa Bwana Bucha alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Wewe una lipi? Sisi wote tunayo."

"Mimi nina furaha, mwanangu. Husikii ninavyocheka?"

"Baba naye alikuwa na hasira," alisema binti.

Darasa likaona hapa pana kazi. Wakaanza kumjadili palepale mbele yake kama madaktari juu ya mgonjwa aliyepoteza fahamu.

"Ni kihoro."

"Kihoro ni cha aliyefiwa. Mumewe hakufa, alihama."

"Na godoro."

"Basi ni ukiwa," alisema Babu, ambaye alilipenda neno lake na alitaka lienee.

"Ukiwa si ungemfanya anyamaze? Huyu anapiga kelele."

"Labda ana njaa tu," alisema mmoja wa katikati.

Mwalimu Kicheko akaangua kicheko. Kilianzia chini kama siku zote, kikapanda, kikafika mahali pa kumalizikia, lakini hakikupata pa kumalizikia. Kilikatika juu kule, ukatoka mlio mwingine ambao watoto hawakuwahi kuusikia, naye mwenyewe hakuwahi. Aligeukia ubao akaufuta, ingawa ulikuwa umeshafutwa. Aliufuta mpaka ukaanza kung'aa.

"Mwalimu," binti alisema kwa upole, "tunajaribu tu. Lisipokukaa tutatafuta jingine."

"Nipeni mpaka kesho," alisema bila kugeuka.

Nyumbani alimkuta dada yake akipasi nguo. Alitaka kumsimulia kama anavyosimulia kila kitu, alianza hata na sauti ya mzaha: "Leo nimechambuliwa na watoto kama mchele." Akafika kwenye godoro, akapita salama. Lakini baada ya godoro, bila yeye kutaka, akajikuta kwenye kaburi la mama yao, na kile kiatu.

"Sikumlilia mama, dada," alisema. "Kila mtu alimlilia, mimi nikamcheka. Alifikaje huko aendako, akiwa amechekwa na mwanawe?"

Na akalia. Mungu amsamehe, alilia vibaya. Hakuwa na mazoezi. Alikoroma, akapaliwa, akapiga chafya katikati, akaufunga mdomo kama mtu anayezuia kutapika, na machozi yakatafuta njia puani. Bi Kwikwi aliweka pasi kando akamtazama kwa mshangao wa fundi anayetazama kazi ya mwanafunzi.

"Wewe unafanya nini?"

"Nalia!"

"Hivyo sivyo watu wanavyolia. Hivyo ni paka amekwamwa na mfupa. Shusha mabega. Fungua kinywa. Acha kamasi ziende, usizikimbilie, hazina pa kwenda."

"Usinichekeshe!"

"Sikuchekeshi, nakufundisha. Haya, anza tena. Pumua, halafu mwite mama."

Alimwita. Safari hii kilio kilitoka chote, na Bi Kwikwi, ambaye angelilia tangazo la sabuni, hakutoa hata chozi. Alikaa karibu naye akimshika mgongo. Na baada ya muda, alipoona mdogo wake amepiga chafya nyingine palepale kwenye jina la mama, mabega yake yakaanza kutikisika. Alijaribu kujizuia kwa leso. Haikusaidia. Alicheka mpaka akashuka kitini akakaa sakafuni, na mwenzake akalia na kucheka kwa zamu, wasijue tena nani ni nani.

"Mama mwenyewe alicheka siku ya kumzika babu," Bi Kwikwi alisema alipopata pumzi. "Hujui? Ulikuwa mgongoni. Shehe alijikwaa kwenye mkeka. Mama alijifunika uso, watu wakadhani analia, wakamsifu."

Kesho yake Mwalimu Kicheko aliwaambia darasa la nne kwamba ametafuta, na amegundua ni majuto kwa sehemu kubwa, na ukiwa kidogo pembeni. Babu alitazama huku na huku kwa ushindi. Yule wa katikati aliuliza kama njaa haimo kabisa. Mwalimu alikiri kwamba imo, kwani asubuhi ile alikuwa hajanywa chai.

Hakugeuka mtu mwingine. Bado anacheka, na mlinzi wa getini bado anashtuka. Tofauti ni kwamba siku hizi, akiangua kicheko mahali pasipofaa, mtoto mmoja au wawili humtazama usoni kuona kilichoko chini yake, naye wakati mwingine huwaambia.

Mtihani wa pamoja ulipofanyika, wakapewa mada ya insha: "Safari Niliyoifurahia". Darasa la nne waliandika. Wiki mbili baadaye simu iliita kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu. Msahihishaji, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alisema insha za darasa hilo zina lugha nzuri ajabu, alama zao ni nzuri, lakini kabla ya kuzitoa alitaka kujua shule imepatwa na maafa gani. Kwa sababu hata mtoto aliyekwenda kuogelea, alisema, alirudi na simanzi.

"Poleni sana," aliongeza.

Mwalimu Mkuu alitazama dirishani, ambako Mwalimu Kicheko alikuwa amesimama katikati ya watoto akicheka kitu walichomwambia. Alikohoa.

"Ahsante," alisema. "Tumeshapoa."